Gari la Mkate Lafika Tetu

Rangi ya krimu waliyoipaka ubavuni mwa gari haikudumu. Kufikia Oktoba, baada ya miezi minne ya jua na mvua, ilikuwa imebabuka, na chini yake neno MKATE, lililoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, likaanza kurudi polepole. Ndiyo maana kila walikopita, Chogoria, Nkubu, Timau, kuna mtu aliyesimama kando ya barabara akainua mkono kutaka mkate. Kajuju, aliyekuwa kwenye usukani, alipunguza mwendo na kutikisa kichwa. Mumewe Kathurima, aliyeketi kushoto kwake, alifungua dirisha akasema umeisha, rudini kesho.

"Utawafanya wangoje bure," Kajuju alimwambia.

"Watu wa mkate wamezoea. Wa Nanyuki nimewangojesha miaka ishirini na mbili."

Miaka hiyo yote Kathurima alikuwa dereva wa kiwanda cha mkate mjini Nyeri. Alitoka alfajiri, akapanda Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki, na saa sita mchana alikuwa amerudi. Mwanzoni mwa mwaka 1996 kiwanda kilifungwa, magari yakapigwa mnada, naye akalinunua lake, kwa sababu, alisema, hakutaka kulikuta siku moja limebeba kuku. Mwezi wa tano daktari alimwambia ana presha ya macho. Pembeni, kulia na kushoto, kuona kulikuwa kumekwisha. Katikati palibaki kitundu, na hicho nacho kingezidi kuingia ukungu hata akitumia dawa ya matone. Aache kuendesha siku hiyo hiyo. Kathurima aliliacha gari pale hospitalini, akarudi nyumbani kwa miguu, akaweka ufunguo mezani mbele ya mkewe. Jumamosi iliyofuata walikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, Kajuju na miaka yake hamsini na mmoja, akijifunza kuachilia klachi bila gari kuruka kama mbuzi.

Alipopata leseni waling'oa rafu za mikate. Kathurima akapigilia kitanda cha mbao, Kajuju akashona mapazia ya leso, wakapakia jiko la makaa, sufuria mbili na turubai la kufunga ubavuni mvua ikinyesha. Ndani bado kulinukia unga. Wakaondoka kuuzunguka ule mlima wa theluji. Kathurima alikuwa ameuona maisha yake yote ya kazi kutoka barabara moja tu, akiwa na haraka, na sasa alitaka kuuona kutoka kila upande wakati bado alikuwa na kitundu cha kuonea. Walikaa Embu, wakakaa Chuka kwa binti yao Mwendwa, mwalimu, wakaendelea hadi Meru na Timau. Walipopapenda mahali walibaki siku kumi. Walipopachoka waliondoka kabla ya chai. Kila asubuhi Kathurima alishuka na kikombe chake, akageukia mlima, akamweleza mkewe anachokiona: leo theluji imepungua, leo kilele kimoja kimejificha nyuma ya kingine. Kajuju alikuwa na macho mazima, lakini alingoja kuambiwa.

Sasa akiba ilikuwa imekwisha, na kahawa ya kwanza ilikuwa imeanza kuiva Tetu. Safari ilikuwa imebakiza wiki moja.

Kajuju alikuwa na kazi inayomngoja huko, karibu na Nyeri. Misimu kumi na tisa alikuwa amechuma kahawa katika shamba la mjane mmoja aitwaye Watiri, kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi. Kathurima hakuwa na kazi, na alikuwa ameomba achume naye. Waliafikiana walipokuwa Timau: wangemtumia salamu Ndungu, nyapara wa Watiri, amjaribu siku moja. Debe lake likiwa safi, matunda mekundu matupu, angebaki, nao wangelala ndani ya gari msimu wote. Likiwa na mabichi, angeteremka Chuka kwa Mwendwa, peke yake, hadi Krismasi, na hangebishana. Mwendwa alikuwa ameshamwandalia chumba, redio, na kiti chenye mito kwenye baraza. Kathurima alikitaja kile kiti kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kutaja wodi.

"Kiti chenyewe ni kizuri," Kajuju alisema.

"Ni kizuri sana. Kikalie wewe."

Kisha akasema kwamba akienda kukaa pale hataondoka tena, atazoea kuletewa. Kajuju alibadilisha gia. Katika miaka thelathini ya ndoa walikuwa wameachana na kukutana kila siku kwa ajili ya mkate, lakini hawakuwahi kulala mbalimbali zaidi ya msimu wa kahawa, na hata wakati huo Kathurima alimpitia na gari Jumapili. Safari hii, Chuka ikiwa mbali na pesa za petroli zimekwisha, hakungekuwa na wa kumpitia mwenzake.

Nanyuki walisimama kwa Sadia. Hoteli yake ilikuwa karibu na soko la mifugo, ambako mumewe Olow alinunua na kuuza mbuzi na ngamia, na kwa miaka kumi na tano Kathurima ndiye aliyemletea mkate wa asubuhi. Walikuja kumwachia turubai na sufuria kubwa, kwa kuwa shambani hawangevihitaji. Sadia alivipokea, akavisifu, kisha akawaketisha, akaleta chai ya maziwa yenye iliki na anjera za moto, zile chapati laini za Kisomali.

Kajuju alisogeza kikombe hadi kikagusa mkono wa mumewe. Akageuza mkono wa kikombe umwelekee. Akachukua anjera, akaikatakata vipande, akavipanga kwenye ukingo wa sahani. Sadia alisimama na birika lake, akatazama yote hayo.

"Mama Mwendwa," alisema, "huyu mzee ulimpata na mikono ama bila?"

Kathurima alicheka mpaka akapaliwa.

"Bila," akasema. "Aliniokota kando ya barabara."

"Na bado hukumrudisha?"

"Nimejaribu," Kajuju alisema. "Wenyewe wamemkataa."

Walicheka wote watatu, na hata watu wa meza ya pili walicheka bila kujua ni nini. Lakini Kajuju alipopeleka vyombo jikoni Sadia alimfuata, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Alimweleza kwamba mama yake mzazi alikuwa haoni. Walimfanyia kila kitu. Walimvisha, walimlisha, walimjibia wageni. Mwishowe mama aliacha kuuliza hata kama kumekucha. Sadia alichukua sahani mikononi mwa mgeni wake akaanza kuziosha.

Kajuju aliyabeba maneno hayo hadi Naro Moru. Walilala karibu na mto, na asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Mlima ulikuwa wazi. Ulisimama mtupu kuanzia msituni hadi theluji, na jua lilikuwa limeanza kuushika upande wa juu, na hakukuwa na wingu hata la kumfuta mtu jasho. Kathurima alishuka na kikombe chake, akageuka upande ule ule aliogeukia kila siku, akatazama kwa muda mrefu.

"Leo kumefunga," akasema. "Mawingu mpaka chini."

Kajuju alikuwa akichochea makaa.

"Ndiyo," akasema. "Mpaka chini."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Neno lilimtoka upesi, kama mkono unavyotoka kumdaka mtoto. Waliviringisha blanketi, wakazima jiko kwa maji ya mto, wakaondoka, na njia nzima ya Kiganjo alifikiria jambo moja: mtu asiyeuona mlima atafanya nini na tunda lisilofikia ukubwa wa ncha ya kidole?

Walifika Tetu Jumanne alasiri. Watiri aliwaonyesha mahali pa kuegesha, kati ya zizi la ng'ombe na tangi la maji, akawaachia maziwa mlangoni, akarudi ndani kwa wageni wake wa kanisa. Kujiweka sawa kulichukua muda uliobaki wa siku. Kajuju alitoa vitu na kuvianika: magodoro, mapazia, viatu vilivyoingia ukungu, gunia la viazi vya Timau ambavyo vilikuwa vimeanza kuota. Aliosha sakafu mpaka maji yakatoka meupe. Kathurima alifanya upande wa gari. Alitia mawe nyuma ya magurudumu. Akafungua betri, akaipaka grisi vichwani, akaifunika kwa gunia. Akaingiza mkono chini ya injini mpaka begani, uso ukiwa umeelekea juu kama mtu anayesikiliza, akakaza nati mbili alizosema zilikuwa zimelegea tangu Meru. Kisha akapitisha kiganja kwenye tairi moja baada ya nyingine, akasema la nyuma kushoto limeliwa upande wa ndani. Kajuju aliinama akaangalia. Lilikuwa limeliwa. Hakuona ajabu yoyote, kwa kuwa alikuwa amemwona akifanya hivyo miaka yote.

Ndungu alikuja jioni jua likiwa bado lipo, mtu mwembamba mwenye gambuti na kofia ya sufu, ambaye alimsalimu kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde.

"Mama Mwendwa, uko na gari sasa. Ni sisi tutakuomba kazi."

"Karibu. Uko na leseni?"

"Niko na kiatu." Kisha akamgeukia Kathurima na kushusha sauti kidogo. Alisema amesikia habari ya macho, na anasikitika, na kwa upande wake hana neno. Lakini mwaka huu faktori ya kahawa imekuwa kali. Karani akiona mabichi anarudisha gunia zima, na mtu mmoja akikosea shamba lote linabeba kahawa mgongoni kurudi nyumbani. "Kesho, mzee. Debe moja tu. Ikiwa safi, uko na mstari yako mpaka Disemba."

"Na isipokuwa safi?"

"Utakunywa chai na mimi, halafu nikusindikize steji."

Kathurima alisema ni haki.

Asubuhi walipewa madebe. Kila mchumaji alifunga kitambaa kwenye mshikio wa debe lake ili lisichanganywe. Kathurima alifunga cheupe, Kajuju alifunga cha buluu. Miti ilikuwa na umande, na kwa saa ya kwanza mikono ilikufa ganzi. Kajuju alimpa mumewe mstari wa pembeni, wenye miti mifupi, naye akachukua wa pili yake. Alimkumbusha: nyekundu tu, usikwangue tawi, usivute na kikonyo. Kathurima alisema amesikia mara ya nne.

Alianza polepole mno. Alilivuta tawi kifuani, akalipitisha vidoleni kutoka shinani hadi nchani kabla ya kuchuma chochote. Halafu akarudi nyuma, akaligusa tunda, akaliacha, akaligusa la pili, akalichuma. Mara nyingine alifumba macho kabisa. Kajuju alimwona akiliacha tunda jekundu kabisa, akamwona akishika la kijani, na hapo tawi likamficha asijue kama lile la kijani aliliachilia au alilichuma. Alinyoosha shingo. Aliendelea kuchuma huku amenyoosha shingo. Mikono yake ilikuwa na misimu kumi na tisa, ilijua njia. Aliiacha iende, naye akabaki na macho upande wa pili. Wachumaji wengine walimpita, mmoja akamtania kwamba mwaka huu anachuma kama bibi harusi. Alitabasamu bila kusikia vizuri.

Saa saba walipumzika. Kathurima alifuata ua kwa mkono mpaka kwenye bomba kwenda kunywa maji. Madebe mawili yalibaki kwenye nyasi, yote yamejaa. Kajuju aliyatazama. Juu ya debe la mumewe palikuwa pekundu, lakini juu ni juu. Aliyaogopa ya chini. Alifikiria kutumbukiza mkono achague, lakini Kathurima alikuwa ameshafunga bomba. Aliwaza kiti chenye mito. Akapiga goti, akafungua kitambaa cheupe, akafungua cha buluu, akavibadilisha. Kathurima alipofika, Kajuju alikuwa ameshasimama akijifuta magoti.

"Twende," akasema.

Kathurima aliinama, akapapasa mpaka akaupata mshikio wenye kitambaa cheupe. Akasita. Mkono wake ulikaa pale muda mfupi, ukapita kwenye waya wa mshikio, ukashuka kwenye ukingo wa debe, ukarudi. Kisha akalinyanyua, akatembea.

Mahali pa kuchagulia palikuwa chini ya paa la mabati karibu na barabara ya gari. Magunia yalikuwa yametandikwa, na kila mtu alimwaga debe lake mbele ya Ndungu, akachuchumaa kutoa majani na matunda yaliyoharibika. Kathurima alimwaga lake. Ndungu aliyasambaza kwa viganja vyote viwili kama mtu anayetandika kitanda, na rangi ya kijani ikatokea hapa, na hapa, na pale. Alichota konzi moja akaiweka kando. Akachota nyingine.

"Mzee," akasema, na safari hii hakupaza sauti, "hii ni mboga umeniletea."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.

Kajuju alitazama gunia. Aliyajua matunda yale. Aliijua namna yalivyong'olewa na vikonyo, jozi jozi, kama anavyofanya mtu anayechuma bila kuangalia.

Kathurima alikuwa amesimama na debe tupu.

"Ndiyo," akasema. "Ni yangu."

"Sikulaumu. Ni macho."

"Ni macho," Kathurima alikubali. "Basi nitaenda Chuka. Chai tutakunywa siku nyingine."

Ndungu alikuna kichwa chini ya kofia. Ili asiendelee kumtazama yule mzee, alimwashiria Kajuju amwage lake. Kajuju hakusogea, kwa hiyo akalivuta mwenyewe, akalimwaga kwenye gunia la pili. Yalianguka mekundu. Aliyasambaza, akayageuza, akayageuza tena. Yalikuwa mekundu mpaka chini, mazima, hayana kikonyo, hayana jani.

"Muone hii," aliwaambia wengine. "Miaka kumi na tisa. Hii ndiyo kuchuma."

"Ndungu," Kajuju alisema. "Hiyo si yangu."

"Ati nini?"

"Nilibadilisha vitambaa wakati wa maji. Hiyo ni ya Baba Mwendwa. Mboga ni yangu."

Hakuna aliyecheka sasa. Ndungu aliyatazama magunia mawili, la kijani na jekundu, akawatazama mke na mume, akachukua tunda moja kutoka kila upande akayapima kiganjani kana kwamba yangemwambia. Kisha akampa Kathurima lile bichi, akamuuliza hilo ni nini. Kathurima alilibinya kwa vidole viwili.

"Hiyo ni jiwe. Iliyoiva inakubali kidogo, halafu ukiizungusha inakuja yenyewe. Hii lazima uivute." Akalirudisha. "Yeye amezivuta."

"Na wewe ulijua debe si yako?"

"Yangu iko na waya iliyokatika hapa pembeni. Inachoma kidole."

"Ulijua, na ukasema ni yako."

"Huyu ni mke wangu," Kathurima alisema. "Ningesema nini mbele ya watu?"

Ndungu alirudisha kila tunda kwenye gunia lake. Kisha sauti yake ikarudi mahali pake, ng'ambo ya bonde, akaanza kumgombeza Kajuju kwa nguvu zote: misimu kumi na tisa, halafu analeta sukuma wiki faktori, leo hachumi tena, atakaa hapo achague gunia lake tunda kwa tunda, na la mwenzake asiliguse. Kwa mzee alisema maneno machache tu. Mstari wa pembeni ni wake. Ikiwa anataka miti mirefu, aseme.

"Nataka mirefu," Kathurima alisema. "Hii mifupi inaniumiza mgongo."

Kajuju alichagua mpaka lori la faktori likaja. Kathurima alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu naye, akiukuna utomvu kwenye vidole.

"Ulifikiri yangu ni mbaya," hatimaye alisema.

"Ndiyo."

"Ungetumbukiza mkono tu."

"Niliogopa nitakachokipata."

Kathurima aliitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba hilo aliweza kulielewa. Kajuju alimwambia pia habari ya Naro Moru, kwamba mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, wote, mpaka theluji. Alidhani mumewe ataumia. Kathurima aliuliza theluji ilikuwa nyingi upande gani, na Kajuju akamweleza, upande kwa upande, akichagua huku akieleza.

"Siku nyingine niambie," alisema. "Kama kumefunga, sema. Kama hakujafunga, sema. Na debe yangu nitabeba mwenyewe."

"Sawa, Baba Mwendwa."

Kesho yake Ndungu alimpa Kajuju mstari wa upande wa chini, mbali, ambako miti mirefu ilimziba asione chochote juu. Mara mbili aligeuka kutazama, na mara mbili aliona majani tu. Basi alitazama mikono yake. Akalivuta tawi, akachagua, akazungusha. Kutoka juu alisikia matunda ya Kathurima yakigonga bati la debe tupu, moja, kisha mawili, kisha kimya kirefu, kisha moja. Kadiri asubuhi ilivyopanda sauti ikawa nzito, tunda likiangukia tunda, na baadaye haikusikika kabisa.